Mbwa mwitu wa kusini: je, kijiji kimlinde kisheria kama mnyama aliye hatarini kutoweka?

Mwanaliwale aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kutoka Liwale.

Kijiji chetu kinaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi pamoja na sheria ndogo zitakazokwenda nao, na mimi ni mjumbe wa kamati inayokusanya maoni ya wananchi. Katika kikao kilichopita lilizuka jambo ambalo tuliliacha kiporo. Mjumbe mmoja alipendekeza kiandikwe kifungu cha kumlinda mbwa mwitu, yule mwenye mabaka meusi, ya manjano na meupe, masikio ya mviringo na mkia wenye ncha nyeupe, kwa hoja kwamba wazee walikuwa wakikutana naye walipokwenda kurina asali, ilhali vijana wengi wa leo hawajawahi kumwona. Mjumbe mwingine, ambaye ana mifugo, alisimama akasema kwamba mnyama anayekula mbuzi wa watu hawezi kulindwa na watu hao hao, na akaongeza kwamba hata Ulaya, ambako mbwa mwitu wa huko walilindwa kwa miaka mingi, sasa wamerudi nyuma.

Habari hiyo ya Ulaya nimeifuatilia na ni ya kweli. Chini ya Mkataba wa Bern wa mwaka 1979, unaolinda wanyama na mimea ya porini ya Ulaya, mbwa mwitu wa huko alikuwa katika orodha ya wanyama wanaolindwa kwa ukali. Desemba 2024 nchi wanachama zilipiga kura kumshusha hadi orodha ya wanyama wanaolindwa kwa kiwango cha kawaida, na mabadiliko hayo yakaanza kutumika Machi 2025. Sababu iliyotolewa ni kwamba wameongezeka, kwa maana katika nchi za Umoja wa Ulaya pekee inakadiriwa wapo zaidi ya 20,000, na wafugaji wanalalamika. Marekani nako mvutano haujapoa tangu mbwa mwitu 31 kutoka Kanada walipopelekwa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone mwaka 1995 na 1996. Mwaka 2011 Bunge la nchi hiyo liliwaondolea ulinzi wale wa Idaho na Montana, mwaka 2020 serikali ikauondoa karibu nchi nzima, na Februari 2022 mahakama ikaurudisha katika majimbo mengi.

Lakini huyo wa Ulaya na huyu wetu ni wanyama wawili tofauti, na hali zao hazifanani hata kidogo. Wa kwetu ametajwa kuwa hatarini kutoweka katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, tangu mwaka 1990, na makadirio ya shirika hilo ni kwamba Afrika nzima wamebaki kama 6,600, ambao kati yao waliokomaa na wanaozaa ni kama 1,400 tu. Sisi wa Liwale tunaishi ukingoni mwa Pori la Akiba la Selous, moja ya sehemu chache ambazo bado zina mbwa mwitu wengi.

Kwa upande wangu naona alindwe. Ninachotaka kujua ni kama sheria ya nchi imekwisha kumlinda, na kama ndivyo, kijiji kiongeze nini kitakachomsaidia kweli, badala ya kuandika kifungu cha kupendeza kisha kikalala kwenye kabati la mtendaji. Vilevile naomba mnisaidie jibu la haki la kumpa yule mwenye mbuzi.

Mzee wa Doria, Nachingwea, alijibu:

Mwanangu Mwanaliwale, swali lako limenigusa, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimaliza katika doria za wanyamapori huku kusini kabla ya kustaafu.

Kwanza ujue mnyama huyu alikotoka. Kwa miaka mingi katika nchi nyingi za Afrika alihesabiwa kuwa mharibifu, na askari wa wanyamapori walimpiga risasi hata ndani ya hifadhi, desturi iliyoendelea katika baadhi ya nchi hadi miaka ya 1970. Walimchukia kwa namna anavyoua, maana huanza kula windo likiwa bado linahema, na mtu akiona hivyo anamwita katili. Sisi tuliokaa karibu naye tuliona mambo mengine. Wakishaangusha swala pala, watoto ndio wanaotangulia kula na wakubwa wanasimama kando wakilinda. Wale waliobaki pangoni na mama anayenyonyesha, pamoja na aliyeumia mguu, wanaletewa nyama tumboni na kutapikiwa. Kundi linamtunza mgonjwa wake, jambo ambalo sijaliona kwa simba wala fisi.

Kuhusu binadamu, naomba watu waache kumchanganya na simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563, na mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Wengi tunawakumbuka majirani waliochukuliwa wakiwa kwenye dungu wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Mbwa mwitu hana historia ya namna hiyo. Katika miaka yangu yote porini hakuna kijiji kilichowahi kutuita kwa sababu mbwa mwitu ameshambulia mtu.

Sasa nije kwenye sheria. Mnyama huyu hawindwi kwa leseni, na asiye na kibali haruhusiwi kumuua. Hilo halihitaji kijiji kulitunga upya. Tatizo ni kwamba wengi wa wanaomuua hawamkusudii yeye. Mtu anatega waya kwa ajili ya swala au ngiri ili apate kitoweo na cha kuuza, na kundi la mbwa mwitu linapopita mbio kwenye njia ile ile, mmoja au wawili wananasa. Niliwahi kumkuta jike hai mwenye waya shingoni, ambao kwa unene wake niliutambua kuwa ni waya wa breki ya baiskeli. Alikuwa ameukata kutoka mtini lakini kitanzi kilibaki, kikaingia ndani ya nyama hadi manyoya yakaota juu yake, na kidonda kilikuwa kinanuka kutoka mbali. Wenzake walikuwa wamelala kivulini hatua chache kutoka alipo na hawakukimbia tulipokaribia, isipokuwa walisimama na kutoa ile sauti yao ya mguno mfupi. Hatukuwa na dawa ya usingizi, na hadi daktari anapatikana kundi lilikuwa limehama.

Fikiri basi hasara yake. Kwa kawaida katika kundi zima ni jike mmoja tu anayezaa, watoto kama kumi kwa mzao mmoja, na wengine wote wanamsaidia kulea. Akinasa huyo, kundi halina watoto mwaka huo, na likibaki na wakubwa watatu au wanne haliwezi tena kuwinda na kulinda pango kwa pamoja, kwa hiyo linasambaratika. Ndiyo maana ile hesabu ya wanaozaa uliyoitaja ni ndogo kuliko jumla.

Jambo la pili ni eneo. Kundi moja huzunguka kilomita za mraba 400 au zaidi, na hakuna kijiji hata kimoja cha Liwale au Nachingwea kinachoweza kuwamiliki mbwa mwitu wake peke yake. Wanatoka Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, wanapita kwenye misitu ya miombo ya vijiji, na wengine wanashuka ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya hifadhi, wa kuelekea mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule mpaka Mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni hifadhi ya Niassa, Msumbiji. Mkilima ufuta na kupanda mikorosho mpaka njia hiyo ikazibika, mtakuwa mmemuua bila kumgusa.

Mfugaji wa Kilwa alijibu:

Shikamoo Mzee wa Doria, na salamu kwa wote.

Nimesoma kwa makini na sibishi kwamba mnyama huyu ana tabia nzuri ndani ya familia yake. Naomba nanyi mnisikilize kwa makini hayo hayo, kwa sababu yule mjumbe mfugaji wa Liwale anaweza kuwa ndugu yangu.

Sisi tulikuja mikoa ya Lindi na Pwani baada ya kuondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007. Tuliambiwa kwamba huku kuna ardhi. Tulipofika tulikuta mbung'o wanaoua ng'ombe kwa ndorobo, wenyeji ambao hawakuzoea mifugo mingi, na mipaka ya malisho ambayo mtendaji wa kijiji kimoja anaionyesha hapa na wa kijiji jirani anaionyesha pale. Katika mazingira hayo, kila sheria mpya ya kulinda kitu tumeiona ikituondoa mahali. Tukisikia neno kulindwa, tunauliza kwanza ni nani atakayehamishwa.

Kuhusu mbuzi ni hivi. Mbwa mwitu walivamia kundi langu saa mbili asubuhi, kweupe, wakati kijana wangu mdogo analitoa zizini. Fisi ningemzuia kwa miiba na boma imara usiku, lakini hawa walikuja mchana, wakaligawa kundi mara mbili, na kabla mtoto hajapiga kelele ya pili walikuwa wameangusha mbuzi kadhaa, akiwemo beberu niliyemnunua kwa gharama kubwa. Nilitoa taarifa katika ofisi inayohusika. Nikaambiwa nilete ushahidi wa mnyama aliyefanya hivyo, picha na alama, na wakati huo tai walikuwa wameshamaliza mizoga. Sikupata kitu.

Nasema ukweli kwamba baada ya hapo jirani yangu mmoja alitaka kuweka sumu kwenye mzoga. Nilimzuia, kwa sababu sumu haichagui na mbwa wetu wenyewe wangekufa. Mwingine asingezuiwa. Kwa hiyo mkiandika sheria ya kumlinda mbwa mwitu bila kuandika ni nani atakayebeba hasara ya mbuzi, mtakuwa mmeandika sheria ambayo maskini mmoja anailipia kwa niaba ya nchi nzima.

Daktari wa Mifugo, Masasi, alijibu:

Ndugu yangu wa Kilwa, pole kwa hasara hiyo, na nashukuru sana kwamba ulimzuia jirani yako. Nami nina jambo ambalo halijatajwa, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: magonjwa yanayotoka kwa mbwa wetu wa nyumbani.

Mbwa mwitu wanalambana midomo, wanatapikiana chakula na kulala wakiwa wamebanana. Upendo ule anaousifu Mzee wa Doria ndio unaofanya kichaa cha mbwa kikiingia kwa mmoja kimalize kundi zima kwa muda mfupi. Serengeti ilishuhudia hilo: kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika makundi ya huko mwaka 1990, na kufikia mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti yalikuwa yametoweka. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2012 ndipo TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ilipoanza kuwarudisha kwa kuwahamisha kutoka Loliondo. Milima ya Bale nchini Ethiopia, nchi ambayo mbwa mwitu wake, walio wa aina nyingine, wamebaki chini ya wakubwa 500, ugonjwa huo huo umewapiga zaidi ya mara moja tangu miaka ya 1990, ukitoka kwa mbwa wa wafugaji. Mnyama huyo wa Ethiopia analindwa na sheria, ila sheria haikumzuia mbwa mgonjwa kupanda mlimani akifuata ng'ombe wa bwana wake. Kilichosaidia ni chanjo.

Homa ya mbwa, ambayo wataalamu huiita distempa, nayo ni hatari. Mwaka 1994 iliua simba takriban 1,000 katika Serengeti na maeneo jirani, theluthi moja ya waliokuwepo.

Sisi wa kusini tuna bahati moja ambayo tusiiache ipotee. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliofika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania. Watu walizoea kuleta mbwa wao. Nakumbuka tulivyokuwa tukiweka meza chini ya mwembe, boksi la barafu lenye chanjo pembeni, na watoto wakifika kwa mistari wakiwavuta mbwa kwa kamba za katani, mbwa ambao wengi wao hawakuwahi kufungwa kamba maishani na walikuwa wakijitupa chini na kugoma. Mtoto mmoja alimbeba wake mabegani kama anavyobebwa mbuzi. Kazi ilikuwa ngumu na ilifanyika.

Kinachotakiwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo kwa wakati mmoja, na kurudia, kwa sababu mbwa wa vijijini wanazaa sana na kufa mapema. Ukiacha mwaka mmoja, kundi kubwa la mbwa wapya linakuwa halina kinga. Halmashauri zikikosa bajeti, kampeni inakuwa ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani tu, tarehe 28 Septemba, kwa kata chache zilizo karibu na barabara, na vijiji vya pembezoni vinavyopakana na pori, ambavyo ndivyo vinavyohitajika zaidi kwa ajili ya mbwa mwitu, vinakosa.

Kwa hiyo, Mwanaliwale, kama kijiji kinataka kifungu kimoja chenye manufaa, kiwe cha kumtaka kila mwenye mbwa amchanje kila mwaka, na hasa mbwa wanaoingia porini na wafugaji, warina asali na wawindaji. Faida yake inamfikia mbwa mwitu, lakini inamfikia kwanza mtoto wa mwenye mbwa, maana karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa huanza na mbwa wa nyumbani. Sitaki mtu aseme kwamba tunamhudumia mnyama wa porini kabla ya watu.

Na kwa ndugu yangu mfugaji, kuna utafiti uliofanywa Laikipia na Samburu, Kenya, katika ardhi ya wafugaji. Ulionyesha kwamba pale wanyama wa porini wanapopatikana, mbwa mwitu huigusa mifugo kwa nadra sana, na pale walipokwisha, uvamizi unaongezeka. Huyu anayetega nyaya na kumaliza swala porini ndiye anayewasukuma mbwa mwitu kwa mbuzi wako. Ni adui wenu ninyi wawili.

Wakili wa Shangani, Mtwara, alijibu:

Nimeona niingie kwa sababu swali la msingi lilikuwa la sheria.

Tuanze na Orodha Nyekundu. Ile ni tathmini ya wanasayansi, yenye uzito mkubwa, lakini haimfungi mtu yeyote na haina faini. Mkataba wa CITES unahusu biashara ya kimataifa, na mbwa mwitu wa Afrika hayumo, kwa kuwa kinachomtishia si biashara. Yumo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa Bonn wa wanyama wanaohama, tangu mwaka 2009, ambacho kinazihimiza nchi anamopita zishirikiane. Kwa sisi wa kusini hilo maana yake ni Tanzania na Msumbiji, kwa sababu ya njia ya Selous na Niassa aliyoieleza Mzee.

Ndani ya nchi, sheria kuu ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na kumuua mmoja wao bila kibali ni kosa, isipokuwa kwa masharti maalumu kama kutetea uhai au mali, na hata hapo taarifa lazima itolewe. Kijiji hakina mamlaka ya kumpandisha wala kumshusha mnyama daraja. Kifungu kitakachosema kwamba mbwa mwitu analindwa katika kijiji hiki hakitaongeza kitu chochote, na kinaweza kumkera mfugaji bila sababu.

Nguvu ya kijiji iko kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na mpango wa matumizi bora mnaouandaa sasa ndio wakati wenyewe wa kutenga msitu wa hifadhi, njia ya kunyweshea na eneo la malisho lenye mipaka inayoonekana. Zaidi ya hapo, Kanuni za Shoroba, Maeneo ya Mtawanyiko, Maeneo Kinga na Mapito ya Wanyamapori za mwaka 2018 zinatoa utaratibu wa kuutambua ushoroba rasmi. Ningependa mjumbe aliyetaja Marekani azingatie jambo moja kuhusu sheria yao ya mwaka 1973: nguvu yake kubwa ni kwamba inaagiza pia makazi muhimu ya mnyama aliye hatarini yatambuliwe, na taasisi za serikali kuu zinakatazwa kuyaharibu. Hapo ndipo sheria inapofanya kazi. Na kuhusu Ulaya, wao wamelegeza baada ya idadi kupanda kwa miongo kadhaa ya ulinzi mkali. Anayetaka tuige hatua yao ya mwisho atuonyeshe kwanza kwamba tumekwisha kuipita ile ya mwanzo.

Upo upungufu ambao lazima niuseme waziwazi. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zinahusu uharibifu wa wanyama hatari kwa maisha, mifugo na mazao, lakini kiasi kinacholipwa hakikukusudiwa kufidia thamani kamili ya kilichopotea, na ushahidi unaodaiwa ni mzito kwa mtu aliye mbali na ofisi. Malalamiko ya Mfugaji wa Kilwa ni ya haki. Mahali pa kuyapeleka ni kwa mbunge na wizara, kwa sababu kijiji hakiwezi kurekebisha kanuni za taifa. Kijiji kinaweza kufanya jambo dogo lenye maana: kumteua mtu, kwa mfano mmoja wa askari wa wanyamapori wa kijiji, awe na wajibu wa kufika kwenye tukio siku hiyo hiyo, kupiga picha na kujaza fomu pamoja na mwenye mali, kabla tai hawajafika.

Mfugaji wa Kilwa alijibu:

Wakili, hilo la mwisho ndilo nililokuwa nikilitafuta. Kama angekuwepo mtu wa namna hiyo siku ile, ningekuwa na karatasi mkononi, hata kama malipo yangechelewa.

Daktari, mbwa wangu ninao wanne na wote wanafuata ng'ombe. Nitawaleta, ila wekeni kituo cha chanjo karibu na josho au kisima cha kunyweshea, siyo kwenye ofisi ya kata. Sisi tuko porini wakati wa kampeni, na mbwa wetu hawafiki kijijini.

Mipaka ya malisho iwekwe kwa alama za zege, na wafugaji waitwe wakati inapowekwa. Wakifanya hivyo Liwale, nitamwambia ndugu yangu akubali ushoroba.

Daktari wa Mifugo, Masasi, alijibu:

Umesema kweli kuhusu kituo. Chanjo ya mbwa inaweza kupangwa siku moja na kuogesha ng'ombe, na hiyo ni rahisi kuliko kumwita mfugaji kilomita nyingi. Mwombeni afisa mifugo wa kata aandike hivyo kwenye ratiba yake mapema, bajeti inapotengenezwa, maana ikishapita hana tena gari wala mafuta. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003 inatoa msingi wa kudai chanjo hiyo.

Na mbuzi wasitolewe na mtoto peke yake alfajiri. Mtu mzima akiwa mbele na mbwa wawili wenye kelele, mbwa mwitu mara nyingi anaondoka mwenyewe.

Mwanaliwale alijibu:

Nimewashukuru wote. Nimeshaandika rasimu ya kupeleka kikaoni, na nimeacha lile neno la kumpandisha daraja mbwa mwitu. Rasimu inakataza kutega au kumiliki nyaya za mitego ndani ya msitu wa kijiji na kumtaka anayekuta mtego autegue na kuupeleka kwa mtendaji. Kila mwenye mbwa atatakiwa kuwa na kadi ya chanjo ya mwaka husika, na kituo kimoja cha chanjo kitakuwa kwenye josho. Askari mmoja wa kijiji ataandikwa kwa wadhifa wake kuwa mthibitishaji wa uharibifu wa mifugo na mazao. Sehemu ya msitu iliyo upande wa hifadhi inabaki bila kulimwa, na mpaka wake na malisho utapimwa wafugaji wakiwepo. Sumu kwenye mizoga nimeiweka kama kosa peke yake.

Mzee, nimebakiwa na swali moja kwako. Kuna pango la muhanga kwenye kilima kimoja ndani ya msitu huo ambalo warina asali wanasema mbwa mwitu huzalia humo. Tufunge njia hiyo mwaka mzima?

Mzee wa Doria, Nachingwea, alijibu:

Mwaka mzima hapana, mwanangu, warina asali watagoma na watakuwa na haki. Huku kwetu wanazaa kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, na watoto hukaa pangoni kama miezi mitatu kabla ya kuanza kufuatana na kundi. Fungeni njia ile kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Novemba, ili hata waliozaliwa Agosti wawe wameshatoka pangoni. Warina wapewe njia ya upande wa pili wa kilima kwa kipindi hicho, na moto usiwashwe karibu na pango. Mtu akipita mara kwa mara jirani na pango, mama huwahamisha watoto, na akiwahamisha mbali bila kujua ardhi, chui na simba huwapata. Eneo lenyewe msiliandike kwenye kumbukumbu zinazobandikwa ukutani. Liwe linajulikana na askari wa kijiji na mwenyekiti, wasije watega nyaya wakalisoma.